Betri ya Gari la Marehemu

Mfanafuthi, rafiki yangu wa hapa Umlazi, ni mjuaji wa kuudhi. Umeme ulipozidi kukatika, alikwenda kwa mzee Ngidi, muuza vyuma chakavu, kununua betri ya gari la umeme lililopinduka, aifunge nyumbani iwashe taa.

"Subiri Jumamosi, mwanangu," mzee alimwambia. "Dereva alifia ndani ya gari hilo. Ndugu zake bado hawajaja na tawi la mti kuichukua roho yake wairudishe nyumbani."

"Mzee, mimi nanunua betri, sinunui matanga!" Akacheka mpaka mate yakamruka. Ndivyo alivyo, bwege mwenye cheti.

Jioni ileile umeme ukakatika mtaa mzima. Kwake tu taa ziliwaka, naye akatoka mlangoni kutucheka. "Haya, watu wa mishumaa, msiunguze mapazia!"

Akarudi ndani, akajitupa kitini. Taa zikazimika zote, na gizani kukaanza mlio: ting, ting, ting. Ule mlio wa gari dereva asipofunga mkanda.

Akainuka, ukanyamaza. Akaketi, ukaanza tena. Akapapasa ukutani, akang'oa nyaya za betri, akaangukia kiti akihema. Ting, ting, ting. Halafu, karibu kabisa na nyonga yake, kitu kikajifunga: kach! Kukawa kimya.

Asubuhi mjuaji wangu alikuja kwangu. Akafungua shati. Kuanzia bega la kulia mpaka nyonga ya kushoto, palikuwa na mchubuko mmoja, mpana kama mkanda.