Kibao cha Duka la Kahin

Haya yalimpata rafiki yangu Siyad, si mimi. Mimi aibu zangu nazijua. Ana degree ya economics na kazi hana, kwa hivyo huzunguka Isiolo akitafuta vibao vya bati vya maduka ya zamani, awauzie wenye mahoteli Nairobi, wale wanaoita kutu "vintage".

Kibao cha duka la marehemu Kahin alikipata kwa uongo. Alimwambia mjane wake, bibi kizee ambaye wote humwita Ayeeyo Habsa, yaani nyanya Habsa, kwamba anakipeleka kupakwa rangi upya.

"Wallahi utarudisha, warya, wewe kijana?"

"Wallahi, ayeeyo. Kesho."

"Usichelewe. Mzee macho yake ni mbaya. Akitoka msikitini, anajua mlango wetu kwa kugonga hiyo bati na bakora."

Mzee alikufa miaka tisa iliyopita. Siyad aliitikia kwa heshima, moyoni akicheka: shosho amechanganyikiwa, hii ni easy.

Jioni hiyo, baada ya Maghrib, stima ikapotea. Kibao kilikuwa kimeegemea ukuta wa chumba chake. Akasikia bakora ikija polepole kwenye koridoo, ikigusa mlango mmoja, kisha mwingine, ikasimama kwake. Halafu bati likalia, ko, ko, humo humo chumbani.

"Salaam aleikum. Habsa, nimefika."

Salamu lazima ijibiwe. Siyad, aliyeapa kwa Mungu mchana ule ule, alishindwa kufungua mdomo kwa aibu.

Stima iliporudi, alifungua mlango. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na sandali kuukuu za ngozi, zimepangwa vizuri kizingitini, vile mtu huziacha akishaingia ndani.