Bati la Plastiki la Kasimiri

Kasimiri alikuwa mchonga vinyago wa Temeke. Alichongea uani, maana banda lake lilikuwa na giza kama ndani ya chungu. Asubuhi aliweka kigoda chake upande wa jikoni. Mchana alikihamishia upande wa choo. Kivuli kilikwenda, naye akakifuata. Majirani walisema, "Kasimiri hana ng'ombe, lakini anachunga."

Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Ushirika wa wachongaji ulimpa kazi kubwa. Achonge gogo moja la mpingo, watoke watu kumi na wawili waliobebana. Baada ya miezi mitatu, watu tisa walikuwa tayari.

Lakini gogo lilikuwa zito, halikuweza kufuata kivuli, na mpingo haupendi jua kali. Ukipigwa na jua, hupasuka. Na kinyago chenye ufa, ushirika haukipokei.

"Baba Romani," mkewe Filomena alimwambia, "hawa watu wako wanaungua. Waingize ndani."

"Ndani nichonge kwa kupapasa? Nimpe mtu pua kisogoni?"

Basi Kasimiri akatafuta bati la plastiki, lile linalopitisha mwanga. Alipanga foleni siku mbili, akapata moja. Hakumwita fundi.

"Mie nachonga hata kucha za vidole," alisema. "Nishindwe na msumari?"

Aling'oa bati moja la chuma kwenye paa la banda, akaweka la plastiki. Akapiga misumari bondeni mwa bati, palipobonyea, kwa sababu ndipo nyundo ilipotua vizuri. Akaikaza kwa nguvu, kama mtu anayefunga mzigo wa safari ya Masasi. Banda likajaa mwanga. Kinyago kikaingia ndani.

Zikapita wiki mbili. Vumbi na masizi ya jikoni vikatanda juu ya bati. Sasa Filomena alikuwa na sifa yake mtaani. Kwenye sufuria zake ungeweza kujitazama uso. Akachukua majivu na mchanga, akapanda ngazi, akasugua bati kama sufuria ya ubwabwa. Alipolimwagia maji, halikung'aa. Lilikuwa na ukungu kama jicho la mzee.

Kesho yake mvua ikanyesha. Maji yakapita kwenye misumari, yakamdondokea mtu wa tisa kichwani. Kasimiri akapanda kutazama. Kila msumari ulikuwa umezungukwa na nyufa nyembamba kama nywele.

"Umelisugua mpaka limepasuka!" alimfokea mkewe.

"Mie nimesugua katikati. Nyufa ziko kwenye misumari yako!"

Jirani yao, Bi Tabu, alikuwa amesimama ukutani kitambo. Hakutaka kupitwa.

"Bati moja, waharibifu wawili," alisema. "Huo ndio ushirika! Nendeni kwa Mzee Gozbert, anayeezeka mashule. Au mnangoja hao watu wa mpingo wajue kuogelea?"

Kasimiri aliona haya, lakini alikwenda. Zilibaki siku kumi tu za kupeleka kinyago.

"Shikamoo, Mzee Gozbert."

"Marahaba, ndugu yangu. Nimesikia. Bi Tabu amefika kabla yako."

Mzee Gozbert alikuja na ubao mrefu. Akaulaza juu ya paa na kupita juu yake.

"Bati la plastiki halikanyagwi," alisema. "Ukikanyaga, utaingia bandani bila kubisha hodi."

Akatazama misumari, akatikisa kichwa.

"Nani alipiga hapa bondeni?"

"Mie."

"Ndugu Kasimiri, mvua ikinyesha, maji hupita mlimani au bondeni?"

"Bondeni."

"Na wewe umeyatobolea njia huko huko. Msumari hupigwa kwenye mgongo wa bati, palipoinuka. Tena umeukaza mno. Plastiki hutanuka juani, na baridi ikija hujikunja. Ukiibana haina pa kwenda. Hupasuka."

Filomena akacheka. Mzee Gozbert akamgeukia.

"Na wewe, mama, umelikwaruza. Plastiki si sufuria. Haitaki mchanga, majivu wala mafuta ya taa. Maji, sabuni na kitambaa laini, basi. Asubuhi, kabla bati halijapata moto."

Kicheko cha Filomena kikaisha.

"Basi ndiyo limekufa?" Kasimiri aliuliza kwa sauti ndogo. "Jingine sitalipata kabla ya siku kumi."

Mzee Gozbert aliinama, akapapasa ncha ya bati juu na chini. Kisha akasema, "Ling'oeni. Tuligeuze juu chini."

"Juu chini?"

"Bonde likigeuzwa huwa nini?"

Kasimiri akashika kidevu. "Huwa mgongo!"

"Ndiyo. Matundu yako yote yatakuwa juu. Lakini yapo mabati yenye alama ya upande wa kutazama jua. Hayo usiyageuze kamwe. Hili letu pande zote ni sawa."

Kasimiri akaleta kekee yake ya kutobolea mpingo. Polepole, bila kugonga, akapanua kila tundu mpaka nyufa zikaisha. Tundu likawa pana kuliko msumari, ili plastiki ipate nafasi. Filomena akakata tyubu ya baiskeli, akatoa vipande vya duara vilivyofunika matundu vizuri. Kila msumari ukavaa mpira wake.

Ncha ya juu ya bati waliipitisha chini ya bati la juu. Ncha ya chini ikalala juu ya bati linalofuata. Pembeni likapandana na bati la jirani kwa migongo miwili.

"Piga mpaka mpira uguse bati," Mzee Gozbert alisema. "Uguse tu. Si mkono wa mkeo uubane hivyo."

"Mkono wangu haubani siku hizi," Filomena alisema. "Anaibana nyundo."

Ukungu ulikuwa sasa upande wa ndani. Mwanga ulipungua kidogo, lakini ulitosha kuwamalizia watu waliobaki.

Usiku wa tatu mvua ilishuka kwa ghadhabu. Wote wawili waliamka, wakakimbilia bandani na beseni na taa. Kasimiri akapapasa kichwa cha mtu wa tisa. Kikavu. Filomena akaweka beseni chini, wakasikiliza. Maji yalikuwa yanapita nje tu.

Siku ya kumi, mkaguzi wa ushirika alipitisha kidole juu ya watu wote kumi na wawili. Akarudia mara ya pili, akitafuta ufa.

"Masika hii vinyago vingi vimerudishwa," alisema. "Hiki ulichongea wapi?"

"Ndani," Kasimiri alijibu. "Mchana kweupe."

Mkaguzi akakipokea.