Kopo la Tuta la Saba

Walikutana kwenye foleni ya bomba Jumamosi asubuhi, siku ambayo mtaa mzima hushuka kwenye kiwanja cha nyuma ya zahanati kulima mboga kwa kujitolea. Fundi cherehani alikuwa amevaa gauni la maua ambalo halikuwa la shamba hata kidogo. Fundi bomba, mwenye ovaroli ya buluu, aligeuka akamtazama kuanzia viatu.

"Dada, umekuja kulima au umepotea njia ya harusini?"

"Jaza ndoo yako, kaka. Watu wanasubiri."

Mwenyekiti, nesi mstaafu asiyependa mchezo, aliwasikia akawapa tuta moja wote wawili, la saba, la nyanya. Sheria yake ilikuwa moja tu. Kila tuta lina kopo juu ya tofali. Ukishamwagilia, ligeuze mdomo chini, mwenzako ajue. Kila kukicha yeye huyarudisha makopo yote mdomo juu.

Miezi miwili kopo la saba liligeuka kila siku, na simu hazikukatika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje na wewe hujapiga?"

Nyanya zikatoa maua.

Siku moja Mwenyekiti alikuja dukani kwa fundi cherehani kupimwa gauni. "Tutamkosa huyo fundi wako," alisema, mikono juu. "Mkataba wa kazi wa miaka miwili, na mbali hivyo!"

Futi ilimponyoka fundi cherehani. Alipiga simu pale pale.

"Unaondoka lini?"

"Baada ya wiki tatu. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

"Kwa Mwenyekiti umeipata, kwangu ukaikosa? Usinipigie tena! Na hilo tuta nimekuachia."

Uongo mtupu. Kesho yake asubuhi alikuwa tutani na ndoo, moyo unamuuma. Udongo ulikuwa na unyevu, akasema ni umande. Ila kopo hakuligusa. Yule bwana ajue kwamba bado anakuja? Thubutu!

Majani yakaanza kuwa ya njano. Kila usiku akitoka dukani alipita kuchungulia, kopo likawa vile vile, basi mwanamume yule alikuwa amezitupa nyanya kama alivyomtupa yeye. Akaongeza ndoo ya pili. Majani yakazidi kugeuka njano. Akaongeza ya tatu huku analia, maana hakujua kitu kingine cha kufanya, na hicho hakikusaidia.

Asubuhi ya safari alimkuta fundi bomba pale, shati jeupe limepigwa pasi, begi chini, ndoo mkononi.

"Kumbe unakuja?"

"Kila jioni. Nilidhani umelitupa tuta. Kopo halikugeuka hata siku moja!"

"Niligeuze ili ujue nakulilia?"

Aliinamisha kichwa. "Nami hivyo hivyo."

Mwenyekiti, aliyekuwa akikagua matuta, aling'oa mche mmoja akawaonyesha mizizi, myeusi, imeoza, inanuka. "Mmezimwagilia mpaka zikafa," alisema, akawaacha.

Hakukuwa na la kurekebisha. Saini ilishatiwa, basi lilikuwa la saa tatu, na saa mbili ilikuwa imeshapita. Fundi bomba alimshika mikono yenye matope.

"Nikirudi, utakubali nikuoe?"

"Rudi kwanza."

"Sema ndiyo, niondoke na kitu."

"Ndiyo! Haya nenda, utaachwa na basi."

Alimtazama mpaka shati jeupe likapotea kwenye kona ya zahanati, kisha akakaa juu ya ndoo akalia kwa sauti, bila kujali nani anamwona.

Mwenyekiti alimpa miche mipya, kwa amri ya maji siku moja, siku ya pili hapana. Jioni moja simu ikaita.

"Nyanya zetu zinaendeleaje?"

"Ndogo. Nilimwagilia jana, nikageuza kopo."

"Na leo?"

"Leo si siku yake. Nimekaa tu, nazitazama."

"Pole, mpenzi. Ni ngumu?"

"Ngumu mno," alisema, akaikalia mikono yake isije ikashika ndoo.