Sale la Tatu

Mektrida alikuwa anamkatia ng'ombe majani ya migomba alipomwona mumewe, Kalisti, akichuma sale uani. Sale ni jani la kuombea msamaha. Hapa Kibosho, ukilifunga fundo ukampelekea uliyemkosea, hawezi kukukatalia.

"Unalipeleka wapi, Baba Onesphory?"

"Kwa jirani Ildefonce. Nilisahau kufunga mfereji, maji yakaingia kwenye maharage yake."

Mektrida akaweka panga chini. "Lakini ulimpelekea juzi. Na jana pia."

Kalisti akalitazama lile jani kama ndilo lililomdanganya. Kabla hajalitupa, Ildefonce mwenyewe alikuwa anapita njiani na jembe lake. Akaliona.

"La kwanza nilisamehe," akasema. "La pili nilinyamaza. Hili la tatu ni dhihaka. Jumapili nitawaambia wazee wa mfereji wakunyang'anye zamu ya maji."

Mektrida akageuka kutazama shamba lao. Bila zamu ya maji, migomba na kahawa yao ingekauka.

Miezi miwili nyuma, Kalisti alianguka kutoka juu ya mti akipunguza matawi ya kivuli cha kahawa. Akazimia kidogo. Alipozinduka aliomba mbege, pombe ya ndizi, watu wakacheka, wakasema amepona. Tangu hapo alitia chumvi kwenye chai. Watoto wakicheka, yeye anafoka. Mara mbili alikwenda kukata majani akarudi na mundu tu, bila majani. Mara ya tatu alirudi bila mundu. Majirani walisema ni pombe. Mama mkwe alisema ni uvivu, na Mektrida, kwa aibu yake, alianza kumwamini.

Siku hiyohiyo ya sale la tatu akampeleka zahanati, kwa muuguzi Dafroza.

"Shikamoo, mama," alisema Mektrida. "Mume wangu alianguka mtini akazimia. Kichwa hakina hata kovu, lakini si yule niliyeolewa naye."

"Marahaba. Ukitikisa kibuyu cha maziwa, kibuyu kinapasuka?"

"Hakipasuki."

"Na ndani?"

"Ndani panavurugika."

"Basi ndivyo ubongo wake ulivyoumia. Huu si uvivu, wala hajarogwa. Kusahau, hasira za ghafla, kuchoka, kuudhiwa na kelele, vyote vinatoka huko. Mngemleta siku ileile. Aliyezimia lazima aangaliwe. Akitapika, akipata degedege, akilala asiamshike au kichwa kikizidi kumuuma, mkimbizeni hospitali, msingoje."

"Na sasa?"

"Apumzike mchana. Afanye kazi moja kwa wakati mmoja. Mambo yaandikwe. Asipande mti, asinywe mbege."

"Hata ya ubatizo?" aliuliza Kalisti.

"Hata hiyo."

Mengine yote Kalisti aliyasahau njiani. Hilo la mbege alilikumbuka, akalinung'unikia mpaka nyumbani.

Mwaka ule Mektrida alikuwa anasoma darasa la watu wazima. Akachukua mkaa, akaandika mlangoni kwa herufi kubwa: JUMATANO MAJI. ALASIRI FUNGA. Akampa Kalisti daftari. Kila kazi iliyokwisha, aliiandika. Hasira ikimpanda, alikwenda kukaa nyuma ya zizi mpaka ipungue. Zipo siku haikupungua upesi, na Mektrida alilia. Lakini hakumwita mvivu tena.

Jumapili Dafroza mwenyewe aliwaeleza wazee wa mfereji. Wakamwachia Kalisti zamu yake kwa majaribio. Ildefonce alitazama pembeni.

Jumatano kumi zikapita, mfereji ukafungwa kwa wakati. Wiki ya kumi na moja, Ildefonce alikwenda harusini, akasahau kufunga wa kwake. Maji yakalaza miche yote ya kahawa ya Kalisti.

Asubuhi alikuja kofia mkononi, na sale lenye fundo. Kalisti akalipokea. Akafungua daftari, akapitisha kidole ukurasa mzima, taratibu, wakati Ildefonce amesimama anatokwa jasho.

"Ni la kwanza," akasema Kalisti. "Nimekusamehe. Mama Onesphory, hebu andika, huyu asije akaleta lingine kesho."