Kipimo cha Mke Wangu

Jioni ile nilirudi karakana na msumeno wa chuma. Nilitaka kulikata lile gari la maiti kabla kaka yangu, mwenye karakana, hajalikabidhi kwa mteja asubuhi. Mke wangu alikuwa kitandani siku ya tisa, hali chakula, haongei, mwili baridi kama sakafu ya bafuni. Hospitali walisema hawaoni ugonjwa. Eti apumzike! Mimi ugonjwa wake niliujua.

Niliutengeneza mwenyewe.

Sisi ni mafundi bodi. Tunachukua gari la kawaida, tunalikata katikati, tunaliongeza urefu, tunaliwekea vioo virefu ubavuni na sakafu yenye roli, vyuma vya mviringo vinavyozunguka, ili jeneza liteleze. Kazi ngumu ni uwiano. Nyuma ikizidi, gari linaonekana limevunjika mgongo. Ikipungua, jeneza linabanana humo kama mzigo wa sokoni. Ndiyo maana tunapima kwa ubao wenye urefu wa mtu. Fundi aliyetufundisha alitukataza jambo moja tu: aliye hai asilale humo, hata kwa mzaha.

Siku ya kulipima gari hilo, ubao ulivunjika, na kaka alikuwa na haraka zake.

"Lala wewe," akaniambia, "tuone vioo vinakaaje."

Niliogopa. Mke wangu alikuwa ameniletea chakula cha mchana, akacheka. "Mwanaume mzima! Hebu sogea huko." Akavua viatu, akapanda, akalala chali. Na mimi, mbwa mimi, nikavuta futi nikampima.

Kesho yake hakuamka kitandani, na tangu hapo gari likakataa kila jeneza. Seremala jirani alileta la majaribio mara tatu. Likiingia, roli zinazunguka zenyewe, zinalitema nje. Kaka akasema sakafu imeinama. Niliweka pimamaji. Haikuinama hata chembe.

Basi, nikasukuma mlango wa karakana. Harufu iliyonipokea haikuwa ya rangi wala ya petroli. Ilikuwa sabuni ya mke wangu.

Krrr... krrr... krrr...

Roli zilikuwa zinazunguka.

Kwenye kiti cha dereva alikaa mtu. Suti nyeusi, glavu nyeupe. Uso sikuuona, kwenye kioo cha ndani kilionekana kidevu tu.

"Usilikate," akanong'ona. "Utamkata na yeye."

Msumeno ukaniponyoka.

"Wewe nani?"

"Dereva. Namsubiri abiria."

"Mwache mke wangu... tafadhali."

"Mimi sijamgusa. Umempima wewe. Kipimo hubadilishwa. Panda ulale mpaka roli zisimame. Utakwenda wewe, atabaki yeye."

Nilipanda. Nasema kweli, nilipanda! Nikalala. Roli zikaanza kunivuta polepole kuelekea mbele. Baridi ikaingia nyayoni... magotini... kiunoni... Nikafumba macho, nikamfikiria mke wangu, nikajikaza. Baridi iliponigusa kifua, nikapiga ukelele.

Nikaruka nje.

Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Roli bado zilizunguka. Nilikimbia hadi nyumbani bila kugeuka nyuma.

Mlangoni nilimkuta mdogo wake mke wangu, aliyekuwa akimuuguza. Macho yamemvimba.

"Shemeji, ulikuwa wapi? Alipata nafuu ghafla. Akaongea! Akasema, 'Nyayo zangu zimepata joto.' Kisha magoti. Kisha kiuno. Alikuwa anacheka, shemeji, anataka kukaa. Anasema, 'Bado kifua tu.'"

"Halafu?"

"Halafu akashtuka kama mtu aliyesukumwa. Akakata roho."

Mpaka leo shemeji hajui nilikokuwa, na wewe ukimwambia nitakukana.

Kaka alimwomba mteja asubiri siku moja, tukamzika kwa gari lile. Jeneza liliteleza ndani kwa mara ya kwanza, komeo likajifunga lenyewe, tap. Waombolezaji wakamsifu kaka, gari zuri, limekaa sawasawa, halina kasoro. Yeye akatabasamu makaburini, hana haya. Nikimuuliza habari za dereva, ananiambia uchungu umenivuruga akili. Labda.

Jana kapata mteja mwingine, anataka la aina ileile. Kaka akafungua daftari jipya, akaniuliza kama bado navikumbuka vipimo.

Nikamtajia.