Maneno ya Chaki kwenye Kifuniko

Fundi wa majeneza hakuwa mtu wa maneno mengi. Asubuhi alifungua karakana, akaegemeza mbao ukutani, kisha akaanza kupiga randa. Kazi yake haikukosa wateja, na hakuna mteja aliyekuja akicheka. Mkewe alifariki miaka miwili iliyopita. Jeneza lake alilitengeneza mwenyewe kwa siku moja, bila kufungua mdomo. Tangu hapo aliongea na mbao tu. Ubao wenye fundo aliuita mkaidi, na ule uliopinda aliugombeza mpaka mchana.

Binti yake wa pekee alikuwa mwembamba, kwa hiyo watu wote walimwita Kijiti. Kijiti alitaka kuwa muuguzi. Alikuwa amemuuguza mama yake kwa miezi mitano, akaona jinsi muuguzi mmoja mpole alivyompunguzia mgonjwa hofu. Lakini chuo cha uuguzi hakikupokea mtu aliyefeli Kiingereza, na Kijiti alikuwa amefeli. Aliruhusiwa kurudia mtihani mara moja tu. Akianguka tena, habari ya uuguzi imekwisha.

Sarufi aliiweza. Barua aliandika vizuri. Kilichomwangusha ni ushairi. Huko kulikuwa na jina la kufananisha, jina la kurudiarudia neno, jina la kukifanya kitu kiwe kama mtu, na yote yalikuwa ya Kiingereza, marefu, yenye herufi zisizotamkwa.

Akatafuta njia yake. Karatasi zilipotea ndani ya vumbi la mbao, lakini mbao zenyewe hazikupotea. Alichukua chaki ya baba yake, akaandika maneno mawili na maana zake kwenye ubao wa kwanza, mawili kwenye wa pili, hadi mbao sita zikabeba maneno kumi na mawili. Kila jioni alifagia karakana huku akiyasoma kwa sauti, kutoka kushoto kwenda kulia. Baada ya wiki tatu aliweza kuyasema yote akiwa amefumba macho. Baba yake hakujua Kiingereza, lakini alisikiliza na kujipa moyo.

Shuleni, alikojiandaa kurudia mtihani, wakapewa jaribio. Kulikuwa na shairi fupi na swali moja: mshairi ametumia mbinu gani katika mshororo wa tatu? Kijiti akafumba macho. Aliziona mbao zote sita, zimepangwa vizuri kabisa. Lakini hakuna ubao hata mmoja uliomwambia ni neno lipi limo ndani ya shairi lile. Basi akaandika yote kumi na mawili. Alipata alama mbili kati ya ishirini.

"Baba, labda sikuandikiwa uuguzi," alisema alipofika nyumbani. "Nitabaki hapa nikusaidie kupiga msasa."

Fundi alitaka kukataa. Aliendelea kupigilia misumari.

Siku mbili baadaye alikuja mama mmoja mzee aliyefiwa na mumewe. Jeneza lilihitajika haraka. Fundi alizichukua zile mbao za ukutani, akazipiga msasa upande wa nje mpaka zikang'aa. Upande wa ndani hakuugusa, kwa sababu ungefunikwa kitambaa. Lakini yule mama alirudi kabla kitambaa hakijapigiliwa. Alitaka kuona mahali atakapolala mumewe.

Fundi alifunua kifuniko. Ndani yake kulikuwa na mwandiko wa Kijiti, mistari minne ya chaki nyeupe.

"Mama, nisamehe sana. Nitafuta sasa hivi."

Yule mama alivaa miwani yake. Alisoma taratibu mpaka mwisho.

"Nani kaandika haya?"

"Binti yangu. Ana mtihani."

"Maana zote ni sahihi. Anazielewa?"

"Amezikariri zote, mama."

"Sikuuliza hivyo."

Akaeleza kwamba yeye alifundisha Kiingereza miaka thelathini na mmoja. Mumewe alisahihisha vitabu kwenye kiwanda cha uchapaji, na maisha yake yote alichukia makosa. Maneno yaachwe, alisema, maana hayana kosa hata moja. Fundi akapigilia kitambaa juu yake.

Wiki mbili baada ya mazishi yule mama, ambaye sasa walimwita Mwalimu, alirudi, bado amevaa nguo nyeusi. Alisema nyumbani kwake kuna viti vinne na mtu mmoja, na heri asikie kelele za nyundo. Akaomba kigoda, akamwita Kijiti, akamwambia afunge daftari na amsikilize baba yake akifanya kazi.

Fundi alikuwa anahangaika na ubao mrefu. "Leo umegoma," aliuambia. "Hutaki kunyooka."

"Ubao unaweza kugoma?" Mwalimu akamuuliza Kijiti.

"Hapana. Anayegoma ni mtu."

"Basi baba yako kafanya nini?"

Kijiti akafikiri. "Ameupa ubao tabia ya mtu."

"Kwa Kiswahili hiyo ni tashihisi. Sasa nipe jina lake la Kiingereza."

Kijiti akalitaja. Lilikuwa la ubao wa nne, lakini safari hii hakuuona ubao. Alimwona baba yake.

"Wewe ulianza na jina," Mwalimu alisema. "Anza na kitu chenyewe. Jina utalibandika baadaye."

Wakaendelea hivyo kila alasiri. Ukisema mikono ya baba ni migumu kama msasa, umefananisha kwa kutumia "kama", na hiyo ni tashbiha. Ukisema mikono ya baba ni msasa, umeondoa "kama", na hiyo ni sitiari. Mwalimu alimwonya asikimbilie kila "kama" anayoiona. Mtu akisema "kama mvua ikinyesha sitakuja", hajafananisha kitu na kitu.

Walijifunza maneno mawili kwa siku, si zaidi. Kijiti alikata vikadi. Upande mmoja aliandika jina la Kiingereza, upande wa pili mfano aliotunga mwenyewe. Kila siku alivichanganya vikadi, ili asikariri mpangilio. Kisha alitafuta mbinu ile ndani ya shairi, na hapo Mwalimu hakumwacha mpaka ajibu swali moja zaidi: imefanya kazi gani hapa? Kutaja jina tu, alisema, ni kushika nyundo bila kupiga msumari.

Alasiri moja Mwalimu alimgeukia Fundi. Alimwomba naye atoe mfano wa tashihisi, ila usiwe wa mbao.

Fundi aliweka randa chini. Alipangusa vumbi mikononi, akatazama upande wa jikoni.

"Jiko letu linaniuliza mke wangu yuko wapi," alisema hatimaye. "Kila asubuhi linaniuliza. Nami sina la kulijibu."

Kwa miaka miwili Kijiti hakuwa amemsikia akimtaja mama yake.

"Imefanya kazi gani?" Mwalimu akamuuliza polepole.

"Anayeuliza ni baba," Kijiti alisema, machozi yakimtoka. "Hawezi kuuliza mwenyewe. Kaliachia jiko limuulizie."

"Andika hivyo hivyo kwenye mtihani," alisema Mwalimu, akavua miwani na kuifuta kwa muda mrefu.

Siku ya mtihani shairi lilihusu koti la mzee, limetundikwa nyuma ya mlango, linamngoja mwenyewe ambaye hatarudi. Kijiti alilisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Hakukimbilia majina. Alitaja mbinu tatu tu, akaonyesha kila moja iko mshororo gani, kisha akaeleza kazi yake. Alipofika kwenye koti linalongoja, aliandika kwamba koti lina matumaini ambayo watu wa nyumba ile wameshayapoteza. Mkono wake haukusita.

Alifaulu. Hakuwa wa kwanza, lakini alama zilitosha, na barua ya chuo ikaja. Chuo kilikuwa mbali, na masomo yalikuwa ya miaka mitatu. Fundi alimtengenezea sanduku la nguo, akalipaka vanishi mara tatu. Asubuhi ya safari alilifunga kwa kamba, akakaza fundo, akalifungua, akalikaza tena.

"Nitabaki peke yangu," alisema.

Kijiti alitaka kumchekesha. "Hiyo ni tamathali gani, baba?"

Fundi alitikisa kichwa. "Hiyo si tamathali, mwanangu. Ndivyo ilivyo." Akalinyanyua sanduku na kuliweka begani. "Lakini twende. Mama yako angefurahi."