Mstari wa Malisho

Maiti haikuwapo. Kilichouawa ni mstari mmoja wa wino.

"Jana ulikuwa hapa!" alisema Bi Perihan, mkuu wa maktaba ya hati za kale mjini Amasya, Uturuki.

Inspekta Feridun aliinama. Kitabu kilikuwa mkusanyo wa sheria na amri za masultani, ulionakiliwa karne ya kumi na sita. Katika ukurasa huo, Sultani aliwapa watu wa kijiji cha Karaöz malisho ya mlimani. Karaöz na jirani zao wa Elmadere walikuwa wakiyagombea. Kiangazi cha mwaka jana mtu aliuawa. Kesho mahakama ingekikagua kitabu. Sasa jina la Karaöz halipo, na karatasi inang'aa kama kipara cha Koplo Sedat.

"Wembe, afande?" aliuliza Sedat.

"Wembe huacha jeraha. Hapa hata mkwaruzo hamna."

"Basi jini."

"Jini mwenye ufunguo wa kabati?"

Funguo zilikuwa mbili: wa Bi Perihan, na wa Mzee Nazmi, fundi wa kukarabati vitabu.

Saa sita maabara ilijibu: kwenye karatasi kuna mate ya binadamu.

Feridun alicheka bila furaha. Waandishi wa zamani waliipaka karatasi ute wa yai, wakaisugua, wino wa masizi usizame. Wakikosea, waliulamba. Mpaka leo msomi husifiwa kwamba amelamba wino.

Akamketisha Mzee Nazmi mbele ya chai.

"Babu, umelamba wino miaka mingapi?"

"Hamsini, mwanangu. Na sijashiba."

"Jana je?"

Mzee alikizungusha kikombe. Chai ikapoa.

"Maabara itapima mate, babu. Afadhali niambie wewe kwanza."

"Maji na pamba vilikuwa mezani," mzee alisema polepole. "Ulimi ukatangulia. Mazoea hayana adabu."

"Elmadere walikupa nini?"

"Elmadere?" Mzee alipiga meza. "Hao ndio waliomuua mwanangu Halit huko malishoni! Mimi ni mtu wa Karaöz!"

Feridun aliweka kalamu chini. "Umefuta jina la kijiji chako mwenyewe?"

"Nimebaki na mwanangu Orhun tu. Tukishinda, atapanda mlimani na kondoo, bastola kiunoni, akawatafute waliomuua kaka yake. Tukishindwa, atabaki nyumbani. Atanitukana kila siku, lakini atakuwa hai."

Feridun alimsogezea chai.

"Babu, kitabu chote kilipigwa picha mwaka jana, ulipokuwa kwenye matanga ya Halit. Picha ziko mahakamani. Kesho walitaka kulinganisha tu."

Mzee alinywea kwenye kiti. Kisha akanyoosha mikono yote miwili, tayari kwa pingu.

"Basi mkamate na Orhun pia."

"Kwa kosa gani?"

"Tafuta! Si wewe mpelelezi? Mfungie mpaka theluji ifunge njia ya mlimani."